Tisa Mbili za Mwaka Mmoja

Mzee Shamsudin alitoka hospitalini kwa magongo mawili, mke wake akiwa amekwisha kuzikwa. Hakumswalia, hakumshusha, hakutia mkono wa mchanga kaburini. Alichopewa ni namba. Ujumbe ulimfikia kwenye simu akiwa bado kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba: jina la marehemu, Nabiha binti Swaleh, na chini yake 9/1446. Muuguzi aliyemsomea alidhani ni namba ya risiti. Akauliza kama yuko mtu wa kuipeleka ofisini.

Haikuwa risiti. Maana yake ni kwamba Nabiha alikuwa maiti wa tisa kuzikwa na Chama cha Maziko katika mwaka ule wa Kiislamu. Utaratibu huo ni wa zamani. Wazee wa pwani waliokianzisha chama hicho hapa Nairobi, washonaji, makarani, wauza nguo wa mjini, walikataa majina makaburini. Walisema tajiri atajenga marumaru, maskini ataweka kijiwe, na hali huko chini wote wamelazwa kwa ubavu mmoja. Basi kila kaburi lilipewa kibao chenye namba peke yake, na mwezi wa Muharamu ukiandama hesabu ilianza tena, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tisa ilimshangaza kidogo Shamsudin, kwa kuwa Nabiha alikufa Rajabu, na mwaka ulikuwa umekwisha kupita nusu. Akajiambia kwamba mwaka huo watu wamekufa wachache. Akamshukuru Mungu.

Zamani hakuna aliyezitegemea namba zile. Watu walimtegemea Maalim Shee, aliyekuwa akiosha maiti na kusimamia mazishi. Ungemwambia, "Maalim, nimekuja kumzuru mama," naye angeacha kikombe chake cha kahawa, akakutangulia baina ya makaburi akikwepa miiba, mpaka akasimama na kusema, "Mamako huyu." Hakusema "kaburi la mamako." Alisema "mamako huyu," kama anayekuonyesha mtu aliyelala chumbani. Maalim Shee naye akafa, na kamati haikutafuta mtu mwingine wa kuwajua wafu. Ilinunua kompyuta.

Shamsudin mwenyewe alikuwa mdarizi wa kanzu. Kwa miaka mingi alikaa katika baraza ya duka moja nyuma ya River Road, akitia nakshi za hariri kwenye shingo za kanzu, na bwana harusi aliyejiheshimu hakukubali kuoa bila mkono wake. Siku hizi kanzu zinakuja zimefungwa ndani ya plastiki kutoka ng'ambo, nakshi zimepigwa na mashine, zote sawasawa kama meno ya chanuo, na watu wanazivaa wala hawaoni haya. Kazi ilipokufa, yeye na Nabiha wakahamia Kabiria, pembezoni mwa jiji, katika chumba na sebule kwenye ploti ya bwana mmoja aitwaye Kiarie. Walikuwa na binti mmoja, Nisreen, aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni na kuolewa huko.

Hapo Kabiria ndipo Nabiha alipoanza kusema habari za kurudi Lamu.

"Turudi kwetu, Shamsu. Hapa twangoja nini?"

Alisema asubuhi, akasema jioni. Akasema akipepeta mchele, akasema akikunja nguo. Siku moja Shamsudin akachoka.

"Rudi pekeyo," alimwambia, na akatoka bila kuaga.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya barabara boda boda ilimgonga ikamvunja nyonga. Nabiha alikuwa akimjia hospitalini, wakizungumza habari za uji na za shuka. Jambo lenyewe walilipitia pembeni kama watu wanaopishana na mbwa aliyelala. Shamsudin alikusudia kumwomba radhi akisharudi nyumbani, faraghani, kwa heshima, kama wazee wao walivyofanya. Watu wa kwao zamani hawakulala kabla ya kutakana radhi. Sasa mtu anakutumia picha ya ua kwenye simu, na hilo linahesabiwa kuwa ni msamaha. Lakini presha ilimwangusha Nabiha jikoni mchana mmoja, na radhi ikabaki kwa Shamsudin, haijasemwa.

Kwa hiyo alipoweza kutembea kwa fimbo moja, jambo alilolitaka duniani lilikuwa hilo tu: afike kwa mke wake, akae, amwambie.

Mvua za masika zilikuwa zimepita, na zilipita vibaya. Makaburi yalifurika, vibao vya mbao vikang'oka vikaelea, matuta yakasawazika na ardhi. Vijana wa kujitolea wakaletwa. Wakapandisha matuta yote upya kwa udongo mwekundu wa lori, wakasimamisha vibao vipya vya bati kwa kufuata namba walizozikuta, na kazi ikawa safi sana. Wafu wote wakaonekana kama wamezikwa jana.

Shamsudin alimkuta tisa wake karibu na ukuta. Ijumaa za mwanzo alisoma Yasini tu, akarudi. Maneno yenyewe yalimkwama. Alikuwa akijipa muda, kama mtu anayekwenda kuposa. Siku aliyojikaza kwamba leo nitasema, alimkuta mwanamke wa makamo amekaa pale kando ya tuta, buibui lake limeshika matope, anasoma.

Akangoja amalize. Kisha akasema kwa upole, "Samahani mama, hapa umekosea kaburi."

Mwanamke aliinua uso. "Nimekosea vipi, baba?"

"Huyu ni mke wangu."

"Mke wako? Ana namba gani mke wako?"

"Tisa. Tisa ya arubaini na sita."

"Hiyo ndiyo namba ya mwanangu."

"Haiwezi kuwa."

"Baba, mimi sikuja kugombania kaburi kama mtu anayegombania kiti cha harusini. Soma kibao. Au miwani umeiacha nyumbani?"

"Kibao nimekisoma kabla yako."

"Basi sisi sote wawili tunajua kusoma, na bado hatujui kitu."

Jina lake lilikuwa Saleha, mtu wa Malindi, naye alikuwa akiuza vitafunio vya nazi karibu na soko la Kawangware. Mwanawe Zaki alikufa mwezi wa Safar, homa ya siku chache tu. Saleha hakufuata jeneza, kwani wanawake wao hawafuati jeneza. Alibaki nyumbani na wanawake wenzake, na jioni akaletewa namba. Ndugu zake walimwambia kuwa hata kuzuru si jambo la mwanamke. Akavumilia mpaka uvumilivu ukamshinda.

Mlinzi wa makaburi, Kivuva, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alikuja kuona kelele ni za nini. Alipoambiwa, akakuna kichwa.

"Lakini si kuna tisa ingine hapo mbele? Iko hapo tu, kwa ukuta. Mimi nilifikiria ni ya mwaka ingine."

Wakamfuata. Hatua chache tu. Tuta la udongo mwekundu, kibao cha bati, na juu yake 9/1446, rangi ile ile, mkono ule ule.

Saleha akaziba mdomo kwa upande wa mtandio. Shamsudin aliangalia kibao hiki, akageuka kukiangalia kile.

"Aliyechimba yuko wapi?" aliuliza.

"Yule wa zamani? Alienda kwao Kitui. Tulichangia matanga yake mwezi uliopita."

Saleha akampigia simu kakake Malindi, aliyemzika Zaki. Kakake akasema anakumbuka vizuri sana, ni karibu na ukuta. Shamsudin aliporudi Kabiria alimwendea Kiarie, mwenye ploti, ambaye ingawa ni Mkristo aliacha shughuli zake akaenda kumzika Nabiha.

"Mzee, pole," Kiarie alisema. "Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nyinyi watu wenu mnazika na mbio, bwana! Kabla nitoe kofia, imeisha. Lakini ilikuwa hapo kwa ukuta."

"Mwanzo wa ukuta au mbele?"

"Ukuta ni ukuta, mzee. Ningejua utaniuliza, ningeweka alama."

Ofisi ya chama iko mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la leso. Katibu wake ni Fahim, kijana mwenye adabu aliyesoma mpaka chuo, na siku waliyokwenda Shamsudin na Saleha alikuwa amemwita mtaalamu aliyeitengeneza programu, jamaa mmoja aitwaye Mungai kutoka ofisi za Hurlingham. Mungai alikuwa mtu mpole. Aliinuka kumpa Saleha kiti. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Shamsudin kama angekuwa na kiburi.

Kompyuta iliwajua wote wawili. Iliandika Nabiha binti Swaleh, 9/1446. Iliandika Zaki, mwana wa Saleha, 9/1446. Haikuona ubaya wowote.

"Namba inatakiwa irudi moja kila mwaka ukianza," Mungai alieleza. "Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Sasa mwaka wenyewe, huo elfu moja mia nne na ngapi, Fahim anauandika na mkono. Lakini siku ya kurudi moja niliiweka mimi."

"Uliiweka lini?" Shamsudin aliuliza.

"Januari tarehe moja."

"Nani alikwambia Januari?"

Mungai akamtazama Fahim.

"Mimi niliuliza, mzee. Sikukisia. Niliuliza mwaka wenu unaanza lini, nikaambiwa Muharamu. Nikauliza, Muharamu ni mwezi wa ngapi? Nikaambiwa, mwezi wa kwanza."

"Na ni mwezi wa kwanza," alisema Fahim kwa sauti ndogo.

"Sasa si mwezi wa kwanza ni Januari?"

Chini barabarani makanga wa matatu aliita watu wa Kawangware, na mtu akacheka. Hakuna aliyesema uongo. Aliyeuliza aliuliza vizuri na aliyejibu alijibu vizuri, kwa Kiswahili wote wawili, na baina ya maneno yao mke wa mtu akapotea. Shamsudin alikumbuka kwamba bibi zake Lamu hawakusema hata Muharamu. Walihesabu miezi tangu kuisha kwa Ramadhani, mfungo mosi, mfungo pili, na Muharamu kwao ilikuwa mfungo nne. Akawaza, lau Fahim angelijua hilo na kulisema, Mungai angeweka Aprili, na aliyepotea angekuwa mwingine. Wazo hilo halikumfariji hata kidogo.

"Kwa hivyo Zaki alikuwa wa tisa kuanzia Muharamu," Mungai aliendelea, "halafu Januari hesabu ikarudi moja, mwaka wenu haujaisha, na mke wa mzee akawa wa tisa tena. Zimejirudia kadhaa. Moja mbili, mbili mbili, zinaendelea hivyo."

"Wengine wote tumewatenganisha," Fahim alisema. "Walikuwa na watu waliokuwepo, au walipanda mti, au waliweka jiwe. Mmebaki nyinyi wawili."

"Na kompyuta yenyewe haiwatofautishi?" aliuliza Saleha.

"Inawatofautisha vizuri sana, mama." Mungai akageuza kioo wakione, akafurahi kidogo kupata jambo zuri la kusema. "Ndani kuna namba nyingine ambayo hairudi moja kamwe. Kila mtu anayo yake peke yake. Mke wa mzee ni mia moja na arubaini. Hizo hazigongani hata siku moja."

"Na hiyo mia na arubaini," Shamsudin alisema, "iko kwenye kibao gani?"

"Hapana, hiyo haionekani nje. Hiyo ni ya kompyuta yenyewe."

"Ahaa," alisema Shamsudin. "Basi kompyuta ikitaka kumzuru, itamkuta."

Saleha alicheka, halafu akaanza kulia, na alilia kwa muda.

Fahim akasema amemwuliza sheikh. Kufukua hakujuzu kwa sababu kama hiyo. Sheikh amesema hakuna kilichopotea, dua inamfika maiti popote alipo, hata msomaji akiwa jangwani. Ni kweli. Shamsudin alilijua hilo tangu chuo cha Kurani, akiwa mtoto wa kukalia jamvi. Lakini hakutaka dua imfikie Nabiha. Alitaka kumfikia yeye mwenyewe, kwa miguu yake, na miguu hiyo ilikuwa imefanya kazi kubwa kupona kwa ajili hiyo. Hakulisema. Ungelisemaje mbele ya vijana wawili na mwanamke asiye wako?

"Programu nimeirekebisha," alisema Mungai. "Sasa inafuata Muharamu wa kweli. Ila haikubali tena watu wawili wawe na namba moja. Lazima mmoja abaki tisa na mwingine apate mpya. Mkiniambia tu nani yuko wapi, naingiza, tunabadilisha kibao."

"Mkituambia," Shamsudin alirudia.

"Ndiyo, mzee. Nyinyi ndio wenyewe."

Shamsudin alikuwa ameketi ofisini kuulizwa yale aliyokuja kuyauliza. Akamgeukia Saleha, naye Saleha alikuwa akimwangalia kwa macho ya mtu aliyeshika kamba upande mmoja na hataki kuivuta.

"Lile la kwanza," Saleha alisema. "Pale tulipokutana. Nilipokaa pale moyo wangu ulitulia. Sijui, baba. Labda ni uchovu."

Moyo wa Shamsudin pia ulitulia pale, Ijumaa zote zile. Angeweza kusema hivyo, na wangebaki wanapima mioyo mpaka Magharibi.

"Mpe," alimwambia Mungai. "Mwandike mtoto pale. Wangu mweke kule mbele."

"Una hakika, mzee?"

"We andika."

Vidole vikagonga mara chache. Ikawa imekwisha. Maalim Shee alikuwa akimjua mtu kwa miaka, akila chakula chake na kumkosoa kisomo chake, ndipo akaweza kusema "mamako huyu." Hapa Nabiha alihamishwa na mtu asiyepata kumwona, kwa idhini ya mumewe, kabla chai haijapoa.

"Mungu akulipe, baba," Saleha alimwambia ngazini.

Ijumaa iliyofuata kibao kipya kilikuwa kimesimamishwa kule mbele. Shamsudin alipofika alimkuta Saleha ameketi hapo, kwenye kaburi la mbele, lililoandikwa kuwa la Nabiha.

"Mama Zaki, huku ni kwangu sasa."

"Najua, baba. Kule nimemaliza." Alifunga msahafu wake mdogo. "Nasoma kule, halafu nasoma huku. Mmoja wao ni wangu. Na huyu mwingine naye hakosi kufaidika."

"Na roho yako inaridhika?"

"Inaridhika nusu. Nusu si haba kwangu. Fanya na wewe hivyo, si dhambi."

"Nabiha hakupenda kushirikiana hata kijiko."

"Basi mwambie huyu jirani yake ni mtoto. Hataona vibaya."

Akaondoka kwenda kuuza vitafunio vyake. Shamsudin akajaribu. Alisoma Yasini kule, akasoma Yasini huku, na Yasini haikumsumbua, kwa kuwa ni ya kila mtu. Kisha akakaa chini kwa taabu, akaupanga mguu mbovu, akasema, "Nabiha."

Hapo hapo akamwona kijana wa watu amelala pale chini, mwana wa Saleha, amenyamaza kwa adabu, anamsikiliza mzee asiyemjua akimbembeleza mke wake. Akaona haya. Akainuka akaenda kule kwenye tisa, akasema tena, "Nabiha," na kijana akawa huko pia. Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Alitaka kusema kwamba kama ungelisema mara moja zaidi, ningefunga mizigo; kwamba Lamu tungekwenda; kwamba lile neno halikutoka moyoni. Ni maneno ya chumbani. Hayagawiki nusu kwa nusu kama kisomo, na mbele ya mtoto wa mtu hayasemeki. Alisimama baina ya makaburi hayo mawili mpaka nyonga ikaanza kumuuma, akarudi nayo yote kifuani kama alivyokuja.

Alikwenda Ijumaa mbili zaidi. Ya pili hakupita lango. Alisimama pale nje, ameshika chuma, akatoa salamu ile wanayopewa wafu wote kwa pamoja, "Assalamu alaikum, enyi watu wa nyumba hizi," na baada ya hapo hakuwa na la kuongeza.

"Mzee, leo huingii?" Kivuva alimwuliza kutoka kitini kwake.

"Nimekwisha kuwaamkia."

"Wote?"

"Wote."

Akageuza fimbo, akashika njia ya kurudi Kabiria. Ijumaa iliyofuata hakwenda.